Seti ya kamba ya nailoni na mnyororo wa zinki kwa boti ndogo: cha kubaki nacho na cha kubadilisha kabla hakijaloa

Mwenye boti ya mita 6 hadi 9 akienda kununua vifaa vya nanga, mara nyingi hukabidhiwa seti ya namna moja: kamba ya nailoni ya nyuzi tatu, unene milimita 12, urefu mita 50, kipande cha mnyororo wa milimita 8 uliopakwa zinki, shekeli mbili (vifungo vya chuma vyenye pini ya kukaza), na mwisho mmoja wa kamba umeshasukwa kitanzi chenye thimbili, ile pete ya chuma yenye umbo la tone na mfereji wa kulalia kamba. Tathmini hii ni ya seti hiyo, jinsi inavyotoka dukani na jinsi inavyokuwa baada ya misimu ya chumvi, mchanga na jua.

Hukumu kwanza. Kamba ni nzuri na itadumu ikitunzwa. Mnyororo nao ni mzuri, ila hukatwa mfupi mno. Shekeli ni hafifu, zibadilishwe siku ile ile ya kununua. Kitanzi kinahitaji kukaguliwa kwa macho na kwa vidole, kwa sababu hapo ndipo seti nyingi hufia, na ndipo mnunuzi hapatazami kabisa.

Kamba

Nailoni imechaguliwa kwa sababu inavutika. Upepo ukipiga kwa vishindo na boti ikarudi nyuma kwa nguvu, kamba hurefuka na kuumeza ule mshtuko kabla haujafika kwenye makucha ya nanga au kwenye kliti, kile kifungio cha kamba kilichoko omo, yaani mbele ya boti. Polisteri inastahimili jua vizuri zaidi, lakini haivutiki kiasi hicho, na kila kishindo kinapita moja kwa moja hadi chini. Polipropilini usiikubali hata ukipewa kwa nusu bei. Inaelea: upepo ukitulia na boti ikasogea juu ya nanga yake, kamba yote iliyolegea inabaki juu ya maji ikingoja propela, yako au ya jirani. Tena jua huila haraka mpaka inaanza kuacha unga na vijiti vidogo mkononi. Lebo ikiwa imepotea na muuzaji hana hakika, omba kipande cha sentimita 5 ukitupe kwenye ndoo ya maji. Nailoni itazama, polipropilini itaelea.

Kamba ya nailoni ya milimita 12, ikiwa mpya na kavu, hukatikia karibu na mzigo wa tani 3. Ikiloa hupoteza sehemu ya nguvu hiyo, asilimia 10 hivi au zaidi kidogo, na ikipigwa fundo inaweza kupoteza hadi nusu. Kitanzi kilichosukwa vizuri hubakiza karibu nguvu yote. Kwa boti ya mita 6 hata kamba ya milimita 10 ingetosha kwa nguvu. Faida ya 12 ni kwamba inashikika mkononi bila kukata viganja, na ina nyama ya kusagika. Kupanda hadi 16 kwa boti nyepesi ni kosa linalorudiwa sana: kamba nene haivutwi vya kutosha na boti ndogo, haivutiki, na ile faida ya nailoni uliyoilipia inapotea.

Dukani ishike kamba kwa mikono miwili, kisha isukume pande zote mbili kuelekea katikati. Nyuzi zikiachana kirahisi na kutengeneza matundu, msokoto ni legelege. Kamba hiyo itanasa kila ncha ya chuma na itajikunja vifundo vya pembeni ikishalegea. Ikikataa kabisa kupinda, itakuwa ngumu zaidi ikishakunywa chumvi, na hutaipanga kwenye kisanduku cha nanga. Nzuri iko katikati: imara, msokoto sawa mwanzo hadi mwisho, bila uzi mmoja uliosimama juu kuliko wenzake.

Kuifungua mara ya kwanza kunahitaji uangalifu. Ikiwa imeviringwa kwenye roli, pitisha mti katikati ya roli, roli izunguke na kamba itoke ikiwa imenyooka. Ukiilaza roli chini na kuvuta mizunguko kutoka juu, kila mzunguko unaongeza msokoto au kuupunguza, na huo ndio mwanzo wa vifundo vinavyokwama kwenye tundu la sitaha wakati unapohitaji kamba itoke haraka. Kamba hizi za nyuzi tatu karibu zote zimesokotwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ukiikunja kwa mkono zungusha kwa mwelekeo wa saa. Kwenye kisanduku au ndoo usiikunje kabisa. Iache iingie yenyewe kwa kuimwaga, nayo itatoka kama ilivyoingia.

Yako mashaka ya haki kuhusu nyuzi tatu. Nailoni ya namna hii hukakamaa na umri, na baada ya misimu michache inasimama badala ya kulala. Kamba iliyosukwa kwa nyuzi nane hubaki laini, hulala bapa kwenye kisanduku kidogo na haijikunji vifundo. Inanasa kwa urahisi zaidi kwenye vitu vyenye ncha, na kusuka kitanzi chake ni kazi nyingine ya kujifunza. Kwa boti yenye kisanduku finyu, nyuzi nane zinastahili pesa ya ziada. Kwa boti ya wazi inayoweka kamba kwenye kreti, nyuzi tatu zinatosha, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuzipachua kwa vidole na kuona ndani.

Fanya hivyo mara kwa mara. Zungusha kamba kinyume cha msokoto, fungua nyuzi, tazama tumbo lake. Unga mweupe ndani ni nyuzinyuzi zilizokatwa na fuwele za chumvi na mchanga. Nje, manyoya mafupi ya usawa ni uzee wa kawaida na hata yanaikinga kamba kidogo. Kinachotisha ni sehemu moja iliyonyolewa, uzi uliokatika, sehemu iliyong'aa na kuwa ngumu kama iliyoyeyuka, au sehemu iliyokuwa nyembamba kuliko jirani yake. Hapo hapana mjadala: kata, tupa kipande hicho, suka kitanzi upya. Doa la kutu nalo lisidharauliwe, maana nailoni iliyolala muda mrefu juu ya chuma chenye kutu hudhoofika. Na usiweke kamba hii karibu na betri: asidi huimaliza nailoni, wakati mwingine bila rangi kubadilika.

Mnyororo

Kazi ya mnyororo katika seti hii ni mbili. Unapokea msuguano wa mawe, matumbawe na makombe ambao ungekata kamba kwa usiku mmoja, na unalaza mpini wa nanga chini ili makucha yaume. Si kweli kwamba unapunguza mshtuko katika upepo mkali. Upepo ukizidi, mnyororo mfupi unanyooka wote na ni nailoni peke yake inayobaki kufanya kazi hiyo.

Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa karibu kilo 1.4 kwa mita. Ule wa 6 una karibu kilo 0.8, na wa 10 unapita kilo 2. Seti nyingi huja na mita 2 tu, nyingine 3. Hiyo haitoshi. Kipimo cha chini kabisa ni urefu wa boti yenyewe, na mita 10 ni kipimo kizuri kwa boti zote za ukubwa tunaouzungumzia: kilo 14 hivi, ambazo mtu mmoja anaweza kuzivuta kwa mkono.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua kina cha mita 4 wakati wa maji kupwa, ongeza mita 3 za maji kujaa, ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo. Jumla 8. Amari, yaani kamba na mnyororo wa nanga kwa pamoja, ikiwa sehemu yake kubwa ni kamba, inataka urefu mara 7 ya jumla hiyo ili mvuto uwe wa chini chini: mita 56. Kamba ya mita 50 na mnyororo wa mita 10 vinafika, na akiba ya mita 4 inabaki kwenye kliti. Kamba ile ile na mnyororo wa mita 2 haifiki. Wengi husahau kuongeza kimo cha omo na maji yanayojaa, wakapima kwa kina walichokiona walipofika, kisha nanga inaanza kukokota usiku maji yakijaa.

Aina ya zinki ndiyo inayoamua umri wa mnyororo. Uliochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa una rangi ya kijivu iliyofifia, uso wake una chembe na vidonge vidogo, na tabaka lake ni nene. Uliopakwa kwa umeme unang'aa vizuri dukani, ni laini, na tabaka lake ni jembamba mno. Baharini huanza kutoa kutu ndani ya msimu mmoja. Ukiona mnyororo wa kung'aa kama kijiko kipya na si chuma kisichoshika kutu, uache.

Pingili ziwe fupi. Mnyororo wa pingili ndefu unaotumika kufungia mizigo na mageti hupinda pingili zake zikivutwa juu ya ukingo, na hauingii kwenye winchi. Kama boti ina winchi, kulingana unene hakutoshi. Kwa milimita 8 viwango vya DIN 766 na ISO 4565 vina urefu mmoja wa ndani ya pingili, milimita 24, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Kwa milimita 10 vinatofautiana, 28 na 30, na mnyororo usiolingana na gurudumu la winchi utaruka meno yake kila ukibeba mzigo.

Mnyororo wa chuma kisichoshika kutu unasifiwa sana, na kweli unateleza vizuri, hautoi tope jingi, haujengi mnara ndani ya kisanduku. Lakini chuma hicho kinategemea hewa ya oksijeni kuulinda uso wake. Ukifukiwa kwenye tope kwa muda mrefu, au chumvi ikikaa kwenye vimwanya, huliwa kwa mashimo membamba yasiyoonekana, na hukatika bila kutoa onyo la kutu. Wa zinki unazeeka mbele ya macho yako. Kwa boti ndogo, wa zinki ndio wa kununua.

Uchakavu hupimwa pale pingili mbili zinapogusana, wala si ubavuni. Kunja mnyororo ili mgusano uachie, weka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye upinde wa ndani, soma. Pingili ya milimita 8 ikifika 7.2, yaani imepoteza sehemu moja ya kumi, mnyororo umestaafu. Mita 2 au 3 zilizo karibu na nanga ndizo huchakaa kwanza, kwa kuwa zinasugua chini mchana na usiku boti ikizungukazunguka. Kwa hiyo kila mwisho wa msimu geuza mnyororo: mwisho uliokuwa kwenye nanga uende kwenye kamba. Kazi hiyo inaweza karibu kuongeza maradufu umri wake.

Kutu nayo isomwe vizuri. Unga wa kahawia unaofutika kwa kidole unasema zinki imeisha juu, chuma bado kizima. Mnyororo wa hali hiyo unaweza kuchovywa tena kwenye zinki, na fundi mwenye kifaa cha kuutikisa au kuuzungusha akiutoa kwenye beseni atakurudishia pingili zisizogandana. Magamba yanayobanduka na mashimo yanasema chuma chenyewe kimekwisha. Zinki mpya hapo inaficha tu ubaya. Minyororo ya daraja la kawaida la nguvu, 30 na 40, inavumilia joto la kuchovywa. Ile ya daraja 70 imetiwa ugumu kwa moto, na beseni la zinki, lenye joto la karibu nyuzi 450, linaweza kuupunguza ugumu huo. Usiipeleke. Rangi ya zinki ya kopo ni ya kuweka alama tu. Kwenye migusano ya pingili huondoka baada ya kutia nanga mara chache.

Shekeli

Hapa seti inaaibisha. Shekeli za kwenye mfuko huwa hazina alama yoyote ya mzigo, pini zake zinalegea kwenye uzi wa skrubu, na zinki yake ni ile ya kung'aa. Weka mbili mpya zenye umbo la upinde, zilizochovywa kwenye zinki, zenye mzigo wa kazi uliopigwa mhuri kwenye chuma. Shekeli ya milimita 10 yenye mhuri wa tani 1 inaendana vizuri na mnyororo wa milimita 8 wa daraja 30, ambao mzigo wake wa kazi uko karibu na kilo 800. Jaribu pini kwenye pingili ya mwisho kabla ya kulipa. Shekeli kubwa kuliko zote ambayo pini yake inapita bila kulazimishwa ndiyo yako.

Kufunga: paka pini grisi nzito ya baharini au mafuta ya sufu kwenye uzi wa skrubu. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha kwa koleo robo mzunguko. Pitisha waya laini kwenye tundu la kichwa cha pini na kuzunguka mguu wa shekeli mara 2, ukivuta upande unaokaza pini, sokota ncha kwa koleo na uzilaze ndani zisichome mikono. Vibano vya plastiki vinatumika sana kwa sababu ni vya haraka. Jua huvivunja, na mchanga huvikata. Kama ndivyo ulivyo navyo, weka viwili na uvikague kila nanga inapopanda. Shekeli isiyofungwa waya itafunguka. Mnyororo unaposugua chini unaitikisa saa zote, na pini haihitaji zaidi ya hapo.

Usichanganye shekeli ya chuma kisichoshika kutu na mnyororo wa zinki ukategemea amani. Ndani ya maji ya chumvi zinki ya pingili inayoigusa ndiyo huliwa kwanza, na baada ya muda pingili hiyo moja inakuwa nyekundu wakati mnyororo mzima bado kijivu.

Baadhi ya seti huongeza swiveli, kiungo cha chuma kinachozunguka ili mnyororo usijisokote. Kwa boti ndogo ya kamba na mnyororo haihitajiki, na ikifungwa moja kwa moja kwenye mpini wa nanga inaleta hatari: boti ikigeuka na mvuto ukaja kwa ubavu, masikio ya swiveli yanapindwa kwa upande ambao hayakutengenezwa kubeba. Anayeipenda aiweke pingili chache nyuma ya nanga, ili iweze kujielekeza kwenye mvuto.

Kitanzi na thimbili

Hesabu mipito ya msuko. Nailoni inateleza, kwa hiyo kila uzi upite chini ya wenzake mara 5 kamili, si 3. Seti za bei ya chini zina 3, na mara nyingine ncha zimeyeyushwa kwa moto na kuacha vidonge vigumu vinavyokata uzi wa jirani kidogo kidogo. Tazama pia kama thimbili inacheza. Kamba ikishavutwa mara kadhaa kitanzi hupanuka, thimbili inageuka ndani yake, na mdomo wake wenye makali unaanza kula shingo ya kitanzi.

Kusuka upya si kazi ngumu na inafaa kuijua kabla ya kuihitaji. Fungua nyuzi sentimita 30. Funga uzi au utepe shingoni msokoto usiendelee kufunguka, na kila ncha izibwe kwa utepe. Zungusha kamba kwenye thimbili kwa kuibana sana, ukitumia mikono miwili na goti. Pitisha uzi wa katikati kwanza chini ya uzi mmoja wa kamba, kinyume cha msokoto. Wa kushoto chini ya unaofuata. Kisha geuza na upitishe wa tatu chini ya uliobaki. Kila pengo moja litoe uzi mmoja, na zote tatu zitokee kwenye usawa mmoja. Vuta kila uzi kuelekea thimbili mpaka ukae. Kutoka hapo ni juu ya mmoja, chini ya mmoja, mizunguko 5. Msuko ukimalizika uviringishe chini ya soli ya kiatu ulale, kisha kata ncha ukiacha sentimita 1 na uzibane moto kwa wepesi tu. Malizia kwa kufunga uzi imara kwenye shingo, karibu kabisa na mdomo wa thimbili. Uzi huo ndio unaoizuia isigeuke.

Wenye winchi hawawezi kutumia thimbili, kwa kuwa haipiti kwenye gurudumu. Wao husuka kamba moja kwa moja kwenye pingili ya mwisho. Msuko wa namna hiyo unapita vizuri, lakini unashika maji na mchanga, haukauki, na kamba inasuguliwa na chuma bila kinga. Msuko huo ukatwe na kufanywa upya kila mwaka, hata ukionekana mzima. Unapoteza nusu mita ya kamba, na hiyo ni bei ndogo.

Pale kamba inapogusa boti

Seti haina kinga ya msuguano, na huo ni upungufu mkubwa kuliko shekeli. Nailoni inayovutika na kurudi juu ya mdomo wa chuma wa omo, usiku wenye mawimbi, inasagika kwa nje na kupata joto kwa ndani. Bomba la plastiki la kumwagilia linakinga nje lakini linazuia maji kupoza kamba. Kitambaa kizito cha bomba la zimamoto, ngozi nene au turubai iliyokunjwa mara mbili ni bora, kwa kuwa vinapitisha maji. Kata kipande cha nusu mita hadi mita 1, funga ncha zote mbili kwa uzi kwenye kamba yenyewe, isije ikasafiri. Na upepo ukidumu, legeza sentimita 20 za amari kila baada ya saa chache ili sehemu nyingine ya kamba ichukue zamu.

Kuosha na kuweka

Wakati wa kung'oa nanga, mnyororo ukiwa bado majini, upandishe na kuushusha mara kadhaa. Tope jingi litabaki lilikotoka. Tope likiingia kwenye kisanduku linashika unyevu na zinki inaisha upande mmoja. Maji baridi yasiyo na chumvi yamwagwe kila unaporudi, kwanza mnyororo, kisha kamba.

Mara moja kwa msimu loweka kamba yote kwenye beseni la maji yasiyo na chumvi usiku kucha, badilisha maji mpaka yawe meupe, kisha osha kwa sabuni laini. Kilainisho cha nguo kidogo kwenye maji ya mwisho inasaidia kamba iliyokakamaa. Dawa ya klorini isiguse nailoni. Mashine ya maji ya shinikizo nayo hapana, inasukuma mchanga ndani ya msokoto na kuchuna nyuzinyuzi. Anika kivulini penye upepo.

Kisanduku kiwe na tundu la kutolea maji, na wavu wa plastiki chini ili vifaa visilale kwenye dimbwi. Tundu huzibwa na tope na nyuzi za mwani. Lisukume kwa waya kila unapoosha.

Alama ziwekwe kila mita 5 kwa uzi wa rangi uliopitishwa katikati ya msokoto: mmoja kwa mita 5, miwili kwa 10, na kuendelea. Usipake kamba rangi ya mafuta, inaifanya ngumu na kemikali zake hazina wema kwa nailoni. Alama hizi zihisiwe kwa kidole, kwa sababu nanga hutiwa gizani pia.

Mwisho wa ndani wa kamba, ule unaobaki kwenye boti, seti haiusemi kabisa. Ufunge kwenye nondo au mhimili imara ndani ya kisanduku kwa kamba nyembamba lakini yenye nguvu, ndefu kiasi cha kufika sitahani, wala si kwa shekeli. Ikibidi kuiacha nanga kwa sababu chombo kingine kinakujia, au amari imenasa na bahari imechafuka, kamba hiyo inakatwa kwa kisu mara moja, na shekeli yenye kutu haitafunguka. Kabla ya kuiachia, funga boya kwenye mwisho huo ili uirudie.

Nani anunue

Kwa boti ya mita 6 hadi 9 inayolala nje usiku mmoja mmoja, mahali pa mchanga au tope, seti hii inafaa kwa sharti la mnyororo wa mita 10, shekeli mpya, kitanzi kilichosukwa tena na kinga ya omo. Bei ya nyongeza hizo mara nyingi inakaribia bei ya seti yenyewe, kwa hiyo uliza kwanza kama duka linauza kamba na mnyororo kwa mita. Kununua kimoja kimoja kunakupa urefu sahihi na daraja linalojulikana. Anayetia nanga kwenye matumbawe au mawe aongeze mnyororo hadi mita 20 au zaidi, kwa kuwa hapo kamba isiguse chini hata kidogo. Na kwa boti ya mita 4 ya kuvulia mchana, mnyororo wa milimita 6 na kamba ya 10 vinatosha, na omo lake dogo halitalemewa na uzito.